Pambo Lenye Kazi

Shati la kiume la mtumba, pamba tupu, kola namba 17, huwa miongoni mwa nguo za mwisho kutoka kwenye lundo. Lilikatwa kwa ajili ya mwanamume mnene wa Ulaya au Marekani, na wanunuzi wengi wa masoko ya Karume na Manzese, Dar es Salaam, hawana umbo hilo. Mikono yake inafunika vidole, mabega yanateremka hadi nusu ya mkono, na kifuani wanaenea watu wawili. Asubuhi belo linapofunguliwa, wateja wanalipita wakigombea mashati membamba. Mchana bado lipo. Jioni, muuzaji akishachoka kutaja bei moja moja na kuanza kuimba "jero, jero, jero", yaani shilingi 500, ndipo linapopata mtu wa kuligeuzageuza, na hata huyo aghalabu hulirudisha.

Kwa anayeanza kazi ya kununua mitumba, kuibadilisha, kuipamba na kuiuza upya, hilo ndilo shati la kununua. Lina kitambaa cha kutosha, kwa hiyo mkasi ukienda kombo pana pa kurekebishia. Limefuliwa mara nyingi huko lilikotoka, kwa hiyo limekwisha kusinyaa kadiri ya kusinyaa, na rangi iliyokuwa ya kuchuja imekwisha kuchuja. Pamba ya shati la ofisini hufumwa kwa nyuzi nyembamba zilizobana. Inashika mkunjo wa pasi, haitelezi chini ya sindano, wala haivutiki ovyo mkononi mwa asiyezoea. Mteja wa asubuhi hayaoni haya kwa sababu anatafuta nguo ya kuvaa. Fundi anatafuta kitambaa.

Kazi hii nimeitazama kwa utulivu kwenye baraza ya fundi mmoja Buguruni, mzee mwenye cherehani ya kukanyaga aina ya Butterfly na mwanafunzi mmoja, binti aliyemaliza kidato cha nne. Binti hataki kushona sare za shule. Anataka kubadilisha mitumba na kuiuza kwa vijana wenzake. Mzee hana neno na hilo, ila ana utaratibu wake, na huo utaratibu ndio ninaotaka kuusifu hapa. Watu wengi wakiona jaketi la jinsi lenye kitenge mgongoni linaning'inia dukani, hudhani kazi yote ni kile kitenge. Kitenge ni saa moja ya mwisho. Kabla yake kuna kazi ambayo ikifanywa vizuri haionekani kabisa.

Mitumba yenyewe haihitaji utangulizi mrefu. Tanzania ilipolegeza masharti ya biashara katikati ya miaka ya 1980, nguo zilizotumika ziliingia kwa wingi, na viwanda vya hapa, kikiwamo kile cha Urafiki kilichofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968, vikajikuta vikishindana na nguo ambazo gharama zake zilikwisha kulipwa na mtu mwingine ng'ambo. Machi 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walielekeza kwamba uingizaji wa nguo hizo uondolewe hatua kwa hatua ndani ya miaka 3. Marekani ikatishia kupunguza nafuu za kibiashara za mpango wa AGOA. Kenya, Tanzania na Uganda zikalegeza msimamo. Rwanda ikashikilia ushuru wake wa dola 2.50 kwa kilo, na Julai 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye nafuu hiyo. Mjadala huo ni halali na haujaisha. Lakini belo linafunguliwa kila asubuhi, na lazima awepo mtu wa kuamua shati la kola 17 lifanywe nini.

Uamuzi huo unaanza kwenye kuchagua. Binti, siku zake za mwanzo, alichagua kwa rangi na maua. Mzee huchagua kwa mpangilio usiobadilika: kwapa, kola, viwiko, pindo, kisha ndani. Kwapani jasho na dawa ya kuzuia jasho huacha doa la manjano ambalo haliondoki kwa sabuni, na kitambaa cha hapo hudhoofika kabla ya kingine chote. Kwenye kola anatazama mkunjo, mahali panaposuguana na shingo. Kisha analinyanyua shati kuelekea jua na kulipitisha taratibu mbele ya macho. Mahali palipochakaa hupitisha mwanga zaidi, hata kama mkono haujagundua chochote. Mwisho anashika mshono kwa mikono miwili na kuuvuta kidogo. Matundu ya sindano yakipanuka na kuacha mwanya, nguo imechoka, na hakuna pambo litakaloiokoa.

Anapotaka kujua kitambaa ni cha nini, hategemei lebo, maana mara nyingi imekatwa au imefutika. Anachomoa uzi mmoja ndani ya pindo na kuuwasha kwa kiberiti. Pamba huungua haraka kwa harufu ya karatasi na kuacha jivu laini. Poliesta hujikunja, huyeyuka na kubaki kitone kigumu cheusi. Sufu hunuka nywele zilizoungua. Jaribio hilo linamwambia pasi iwe na moto kiasi gani, maana poliesta ikiguswa na pasi ya mkaa iliyokolea hung'aa vibaya au huyeyuka. Linamwambia pia kama kitambaa kitakubali rangi akitaka kukitia, kwa kuwa rangi nyingi za kawaida hushika pamba na kuteleza kwenye poliesta.

Halafu anaigeuza nguo ndani nje. Hapa ndipo mwanafunzi anapoanza kutofautiana na mnunuzi. Upande wa nje unaonyesha mwenye kiwanda alitaka tuone nini. Upande wa ndani unaonyesha aliacha nini. Suruali ya kitambaa iliyoshonwa vizuri huwa na akiba nyuma, kwenye mshono wa makalio, inchi moja au zaidi iliyokunjwa ndani kwa ajili ya siku mwenyewe atakaponenepa. Fulana ya bei rahisi imepitishwa ovaloki ukingoni kabisa, haina hata nusu sentimita ya kuongeza. Ya kwanza inaweza kupanuliwa, ya pili inaweza kupunguzwa tu. Ndani ya mashati mengi, kwenye mshono wa ubavuni karibu na pindo, kuna vifungo vya akiba vilivyoshonewa kwenye lebo. Mzee huvitoa kwanza na kuviweka kwenye kopo. Kifungo kinachofanana na wenzake ni taabu kukipata madukani.

Baada ya kufua, kazi ya mwanafunzi kwa muda mrefu ilikuwa kufumua. Alipewa wembe na nguo zisizofaa kuuzwa, akaambiwa azirudishe kuwa vipande. Alinung'unika.

"Mzee, mimi nimekuja kujifunza kushona."

"Fumua kwanza, mwanangu. Aliyeshona alikuwa fundi kukushinda. Muulize."

Mshono wa cherehani ya kawaida una nyuzi mbili, wa juu na ule wa chini unaotoka kwenye bobini, na zinafungana katikati ya kitambaa. Ukiuvuta upande mmoja bila kukata, utachana nguo. Mzee hukata uzi kwa ncha ya wembe kwenye tundu moja, huruka matatu au manne, hukata tena, mpaka mwisho wa mstari. Kisha anageuza upande wa pili na kuvuta uzi mmoja, unatoka mzima bila kujeruhi kitambaa. Pindo la jinsi nyingi lina mshono wa namna nyingine, wa mnyororo, uleule unaofunga midomo ya magunia. Ukianzia mwisho wake sahihi unachuruzika wote kwa mvuto mmoja. Ukianzia mwisho usio sahihi unajikaza. Mwanafunzi akishajua kutofautisha hiyo miwili, anaacha kupigana na nguo.

Faida kubwa ya kufumua ni kwamba kilichoshonwa mwisho hufumuka kwanza. Binti alipofumua mashati ya kutosha alikuwa ameusoma utaratibu mzima wa kiwanda kinyumenyume, kama mtu anayesoma barua kuanzia sahihi. Aligundua kwamba mkono wa shati la kiwandani huunganishwa na bega kabla ubavu haujafungwa, kisha mstari mmoja tu unatoka kwenye kafu, unapita kwapani na kuteremka hadi kwenye pindo. Hakuna aliyemweleza hivyo. Na kwa kuwa amejua, anapotaka kubana shati lililo pana, hahangaiki na mkono peke yake na ubavu peke yake. Anapita mstari mmoja, kutoka kafu hadi pindo, sambamba na ule wa kwanza.

Kubana kuna hesabu yake. Ukiondoa kitambaa ubavuni, ondoa sawasawa kushoto na kulia. Lakini ukiondoa kingi mno, mfuko wa kifuani unasogea kuelekea kwapani, na kila anayekuona anajua nguo ilikuwa ya mtu mwingine. Kwa hiyo mzee huondoa kiasi ubavuni, na kilichobaki hukipunguza mgongoni kwa mikunjo miwili mirefu inayoshonwa kwa ndani, mipana kiunoni na inayokwisha kuwa si kitu juu na chini. Shati linashika mgongo bila mfuko kuhama. Kabla ya cherehani kugusa chochote, anapiga bandi, ile mishono mirefu ya mkono ya muda tu, kisha nguo inavaliwa. Anayevaa anaambiwa anyanyue mikono, ainame, akae kitini. Nguo ikivaliwa na mtu aliyesimama wima tu, bado haijapimwa.

Bega ndilo gumu kuliko vyote. Kichwa cha mkono, pale unapokutana na bega, kimekatwa kwa tao, na tao hilo ni refu kidogo kuliko duara la tundu unalotakiwa kuingia. Hiyo ziada ndiyo inayouwezesha mkono kuzunguka umbo la bega. Anayeanza akijaribu kupunguza bega, ziada hiyo humkusanyikia juu katika mikunjo midogo inayoonekana kutoka ng'ambo ya barabara. Mzee hakumruhusu binti aguse bega. Alimwambia aliache lidondoke, maana vijana sasa wanapenda hivyo, au akate mikono yote na kufanya blauzi isiyo na mikono. Kujua usichokiweza, na kuchagua muundo unaokikwepa bila aibu, ni sehemu ya ufundi.

Na shati likibana kwapani badala ya kupwaya? Hapo mzee anatoa jibu ambalo mafundi wa kanzu wa pwani wanalo tangu zamani: kikwapa. Ni kipande kidogo kinachoingizwa chini ya kwapa, ili mkono unyanyuke bila kuvuta badani nzima juu. Kwenye kanzu kikwapa hukatwa kwa kitambaa kilekile na hakionekani. Kwenye shati la mtumba binti alikikata kwa kitenge chekundu. Anayelivaa akitembea kawaida huoni kitu. Akinyanyua mkono kusimamisha daladala, rangi inachomoza. Kipande hichohicho kiliondoa lile doa la manjano la kwapani, kwa sababu mahali pa doa ndipo palipokatwa.

Hapa tunafika kwenye jambo ambalo mimi naliona ndilo kiini cha kazi hii yote. Anayeanza huweka pambo mahali anapoona pana nafasi, yaani katikati ya kifua au katikati ya mgongo. Ua moja kubwa, shanga zikizunguka, basi. Fundi huweka pambo mahali nguo inapolihitaji. Anaiuliza nguo ina kasoro gani, na kasoro ndiyo inayomwonyesha pambo liende wapi, liwe na ukubwa gani, na la namna gani. Pambo la kwanza unaweza kulitoa na nguo ikabaki vilevile. La pili ukilitoa, nguo inaharibika.

Chukua mfano wa suruali iliyopanuliwa. Ukifumua mshono wa zamani na kuusogeza nje, mstari wake wa kwanza hauondoki. Matundu ya sindano yanabaki, na kitambaa kilichokuwa kimejificha ndani kina rangi iliyokolea kuliko cha nje kilichopigwa na jua kwa miaka. Hakuna sabuni wala pasi ya kufuta mstari huo. Mzee humfundisha binti apitishe darizi juu yake, mshono wa mnyororo wa mkono, kutoka kiunoni mpaka chini. Mteja anaona suruali yenye mstari mzuri ubavuni. Hajui kwamba mstari huo ulikuwapo kabla ya uzi.

Chukua tundu. Dogo kama la nondo kwenye sufu au la sigara kwenye pamba, halihitaji kiraka. Wanawake wa Zanzibar na Lamu wanaoshona kofia kwa mkono wanajua siku zote cha kufanya na tundu. Wao hutoboa matundu kwa makusudi, moja baada ya jingine, huyazungushia uzi, na nakshi nzima ya kofia inatokana na mpangilio wa matundu hayo, huku hewa ikipita kichwani. Binti alichukua mbinu hiyo. Tundu moja la bahati mbaya alilizungushia uzi likawa imara, kisha akatoboa mengine sita kulizunguka na kuyafanyia vivyo hivyo. Kilichokuwa hasara kikawa ua, na huwezi kusema ni tobo lipi lililotangulia.

Chukua doa kubwa la mafuta au wino. Hapo ndipo kiraka kinapostahili, na kiraka nacho kina adabu zake. Kitenge kipya lazima kifuliwe kabla ya kushonwa, kwa sababu shati la mtumba limemaliza kusinyaa na kitenge hakijaanza. Visipofanywa sawa, siku ya kwanza ya kufua kiraka kitajikunyata na kulivuta shati pamoja nacho. Nyuzi za kiraka zinatakiwa zielekee zinakoelekea nyuzi za nguo, wima kwa wima, ama sivyo kitambaa kitajipinda. Kingo hukunjwa ndani, hupigwa pasi, na penye pembe ya duara hupigwa vikato vidogo ili mkunjo ukubali kuzunguka. Kiraka kimoja peke yake huonekana kuwa kiraka. Kwa hiyo kile kinachoziba doa hupewa wenzake wawili mahali pengine, na macho yanaacha kuuliza.

Kanga ina masharti zaidi, maana ina pindo, mji na jina. Pindo lake ni zuri kwa kuongezea urefu gauni fupi, kwa kuwa limechorwa liwe ukingo. Jina ni la kuangaliwa. Binti aliwahi kukata mgongo wa jaketi kwenye kanga ya mama yake mdogo bila kusoma, na msemo uliokuwa wa kumshukuru Mungu ukabaki nusu, ukasomeka kwa maana nyingine kabisa. Mama mdogo alicheka, lakini kanga hakurudishiwa. Sasa binti anasoma kwanza, kisha anatandaza, kisha anakata.

Jinsi ina tabia zake. Nyuzi zake za wima ndizo zilizotiwa rangi ya buluu, za mlalo ni nyeupe, na ndiyo sababu ikisuguliwa inapauka na ikigeuzwa ndani inaonekana hafifu. Kupauka huko hakuigiziki kwa urahisi. Kwa hiyo suruali ndefu ya jinsi ikifupishwa, mzee hakati pindo na kulitupa. Anakata juu yake, anaondoa urefu usiotakiwa, kisha analirudisha pindo lilelile, pamoja na mpauko wake wa miaka. Sindano ya shati, namba 70 au 80, itavunjika hapo. Anaweka namba 100. Penye mshono wa ubavuni, ambapo kitambaa kimekunjwa tabaka juu ya tabaka, mguu wa cherehani hukwama na mshono huruka. Mzee anachukua nyundo, anapaponda juu ya kigingi cha mbao mpaka palainike, kisha anazungusha gurudumu kwa mkono, tundu kwa tundu, mpaka avuke. Nimewaona watu wakishangaa kuona nyundo kwa mshonaji. Ni ya kazi.

Na jinsi yenyewe inathibitisha hoja yangu. Zile shaba ndogo kwenye pembe za mifuko, ambazo leo tunaziona urembo, zilianza kama tiba ya kasoro. Jacob Davis, fundi nguo wa mji wa Reno, Nevada, alichoka kuona mifuko ya suruali za wafanyakazi ikichanika pembeni, akaikaza kwa misumari ya shaba. Tarehe 20 Mei 1873 yeye na Levi Strauss walipewa hataza ya Marekani kwa wazo hilo. Zaidi ya miaka 150 baadaye, mtu asiyebeba kitu kizito kuliko simu bado anazitaka mfukoni mwake.

Kola nayo ina siri ya zamani ambayo wengi wameisahau. Shati zuri huwahi kufa kola kuliko mwili. Lakini kola ina nyuso mbili, na unaoonekana ndio unaochakaa. Mzee hufumua kola kwenye mkanda wake wa shingoni, anaigeuza, anaiweka katikati kwa kupima kutoka ncha hadi ncha, na kuishona upya. Uso uliokuwa umejificha unatoka nje ukiwa mpya.  Ni kazi ya saa moja, haigharimu kitambaa hata kidogo, na haiachi alama yoyote kwamba ilifanyika.

Kumaliza ndiko kunakotenganisha nguo ya kuuza na nguo ya kujifurahisha. Kingo zote za ndani zipitishwe ovaloki; asiye na mashine hiyo hulipa jirani. Nyuzi zinazoning'inia zikatwe, za darizi zifungwe kwa nyuma na kufichwa. Kila mshono upigwe pasi mara baada ya kushonwa, si nguo nzima mwishoni, kwa sababu mshono uliofuatwa na mwingine kabla ya kunyooshwa hubaki umevimba daima. Kisha nguo iliyokamilika ifuliwe tena na kuanikwa. Kama rangi ya kitenge itachuja, ichujie uani kwa aliyeishona, si kwa aliyeinunua.

Baada ya hapo inakuja bei, na wengi wanaoanza huumia hapa. Tuseme shati lilinunuliwa shilingi 500, sabuni na mkaa 500, kipande cha kitenge 1,000, uzi na vifungo 1,000, ovaloki 500. Jumla 3,500. Tuseme lilichukua saa 5. Akiliuza 7,000 atajiona amepata mara mbili ya mtaji, na kwa kweli amelipwa 700 kwa saa. Akiliuza 15,000 amelipwa 2,300 kwa saa, na anaweza kuendelea na kazi hiyo mwezi ujao. Mteja akimwambia, "Dada, si mtumba huu? Punguza basi," analinganisha na lundo. Jibu la mzee ni kumgeuzia nguo ndani nje na kunyamaza. Namba ya lebo nayo imeshakuwa uongo baada ya kubanwa, kwa hiyo nguo iuzwe kwa vipimo vya inchi: kifua, kiuno, urefu, bega. Kasoro iliyobaki itajwe wazi. Anayenunua kupitia picha ya simu hawezi kuigeuza, na uaminifu ndio unaomrudisha.

Kazi hii inaweza kufika mbali. Kampala, mbunifu Bobby Kolade alianzisha mwaka 2022 mradi wa chapa yake ya Buzigahill ambao hununua mitumba ya soko la Owino, huifumua, huiunda upya na kuiuza kwa wateja wa nchi zilezile ilikotoka. Gikomba jijini Nairobi kuna mafundi wanaokubania nguo ukiwa umesimama unasubiri. Kati ya ncha hizo mbili ufundi ni uleule: wembe, bandi, pasi, na jicho linaloanzia kwapani.

Kwa anayetaka kuanza, basi, nunua shati kubwa la pamba lililodharauliwa, ulifumue lote, ulirudishe, ndipo ufikirie maua. Na kwa mnunuzi nina ombi moja. Ukiiona nguo ya namna hii, igeuze ndani nje kabla ya kuuliza bei. Ukikuta kingo zimefungwa, mishono imelala, na kila pambo limekaa mahali lilipokuwa na kazi ya kufanya, usiipimie bei ya lundo. Lipa bei iliyotajwa.